Wajukuu wa Kiwanja cha Makazi

Luka, mkaguzi wa halmashauri, hakumwamini yule bibi tangu alipoitikia shikamoo yake. Kila alipokwenda alimkuta ameujaza mlango, mkono mmoja kwenye fremu, mwingine ukimpigapiga kichanga mgongoni, na watoto wakipiga kelele ndani. "Wajukuu hao, mwanangu." Wajukuu gani wa kuletwa alfajiri na akina mama wanaovuka mpaka kwenda kuuza bidhaa Nakonde, wakachukuliwa jioni? Kiwanja kilikuwa cha makazi. Kulea watoto wa watu kwa malipo kulitaka kibali na ada, la sivyo nyumba ifungwe.

"Leo nataka kibali, bibi."

"Kipo. Nishikie huyu."

Akampakatisha kichanga, akaingia ndani, akakawia. Kichanga akaanza kulia. Luka akajikuta anayumba taratibu, akiimba chinichini wimbo wa Kinyiha aliolelewa nao. Uani bati la uzio likalia, likalia tena. Kwa jirani kicheko cha mtoto kikazibwa ghafla. Ndani kukawa kimya.

Bibi akarudi mikono mitupu.

"Wako wapi wale wengine?" Luka aliuliza.

"Usipaze sauti, mwanangu. Ninaye huyo mmoja tu, na umemlaza mwenyewe."