Balasi la Mlangoni kwa Ami Awadh

Nakumbuka siku moja niliosha viatu kwa maji ya kunywa ya mzee wa watu, na yeye alipokosa maji ya kunawa uso, nikamcheka. Haya, mwanangu, nimeanza na aibu yenyewe, ili kama ni kunikimbia unikimbie mapema. Wenzangu wakisimulia ujana wao huanza na jinsi walivyokuwa hodari darasani. Mimi darasani niliishia kidato cha pili, na hata hicho cha pili sikukimaliza. Tulikubaliana na mwalimu kwamba tumechokana.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa nakaa Majengo, Pumwani. Kazi yangu ilikuwa kusukuma mkokoteni na rafiki yangu Odhiambo. Tulibeba chochote: mbao, viazi, mitumba ya Gikomba, na kuna siku tulihamisha kitanda mwenyewe akiwa bado amelala juu yake, pombe haijamtoka. Mtaani waliniita Redio, kwa sababu nilianza kutoa sauti asubuhi na hakuna aliyejua pa kunizimia.

Kwenye kona yetu kulikuwa na duka la Ami Awadh. Alikuja Kenya akiwa kijana kutoka Yemeni, akazeekea hapo hapo kati ya magunia ya sukari na madebe ya mafuta taa. Sote tulimwita Ami, Waislamu kwa Wakristo, hata mama mmoja aliyekuwa amemzidi umri. Mlangoni aliweka balasi, ule mtungi mkubwa wa udongo, umefunikwa kibao, na juu ya kibao kikombe cha bati. Maji ya bure. Mpita njia anakunywa, anafunika, anaenda zake. Alisema kwao ni desturi: hata njia ya jangwani isiyo na nyumba, utakuta kijumba cheupe cha maji ambacho mtu amewajengea watu asiowajua. Sisi tulikunywa tu. Ukiona vyaelea vimeundwa, lakini mtu mwenye kiu haulizi fundi ni nani.

Sasa, katikati ya mwaka wa tisini na nne, mabomba ya mtaa wetu yalikauka. Si kwamba tulikuwa hatujazoea, ila safari hii yalikauka kama yamegombana na sisi. Akina mama walitoka na majerikeni alfajiri wakarudi nayo mepesi. Maji yaliyobaki karibu yalikuwa ya lile balasi, na hata sikujiuliza Ami anayatoa wapi.

Jumapili moja kulikuwa na disko la mchana, na mimi nilikuwa na raba nyeupe. Mwanangu, usicheke. Raba nyeupe zama zile zilikuwa ni cheo. Nilipofika kona ya duka nikakanyaga mtaro, mguu mzima. Nikaangalia kulia, nikaangalia kushoto, nikafunua balasi. Nikachota kikombe kimoja, nikaona kiatu kimependeza kuliko mwenzake, nikachota cha mwenzake. Nikachota tena, nikachota tena. Vijana waliokuwa kwenye benchi wanatafuna miraa walikuwa wananishangilia, na mimi nikishangiliwa siachi kitu.

Ami akatokeza mlangoni. Akanitazama, akasema polepole, "Cha kushoto bado kisigino."

Benchi lote likacheka. Mimi sikukubali kuchekwa na mzee, nikasema, "Ami, usijali maji. Si upige simu kwenu walete pipa la mafuta, tubadilishane na kanjo wa baraza la jiji watupe maji?" Maana mimi nilijua Mwarabu ni mafuta. Nilidhani kila mmoja anazaliwa na kisima chake chini ya kitanda, na kama Ami anauza unga Majengo, basi ni ubahili tu unamsumbua.

Hapo akapita mama mmoja muuza mboga, mtoto mgongoni, jasho linamtiririka. Akafunua balasi, akaingiza kikombe. Kikakwaruza udongo, krrr. Akainamisha mkono zaidi, kikakwaruza tena. Ule mlio, mwanangu, hata leo nikisikia sufuria inakwanguliwa napata baridi.

Ami akageuka. Akaingia ndani akatoka na birika lake, lile la kutawadhia. Akamjazia mama kikombe, mtoto naye akanywa, na yaliyobaki akawamiminia kwenye chupa waende nayo. Halafu akaenda ukutani, pale udongo ulipokuwa mkavu na safi, akapapasa kwa viganja, akajipaka usoni, akapapasa tena, akajipaka mikononi.

Na mimi, Redio, nikasema kwa sauti, "Oneni, mtu wa jangwani hata uso anaoshea mchanga."

Safari hii hakuna aliyecheka. Juma, aliyekuwa kwenye benchi na shavu limejaa miraa, akaniambia, "Redio, nyamaza. Anajitayarisha kuswali. Mtu akikosa maji anatumia udongo. Na maji yake umevaa wewe."

Nikatazama chini. Raba zilikuwa zinang'aa.

Unajua mtu akikutukana, unapata pa kushikia, lakini Ami hakunitukana. Ami aliswali, akamaliza, akatoka, akaniambia, "Kijana, njoo ndani." Akanikalisha juu ya gunia la sukari, karibu na redio yake. Ilikuwa inasema Kiarabu, haraka haraka, na mimi sikuelewa hata neno moja isipokuwa lile lililokuwa linarudi: Aden, Aden.

"Unasikia?" akasema. "Binti yangu Zahra yuko mji huo. Kuna vita. Mji umezungukwa, na bomba linaloleta maji limekatwa. Watu wanapanga foleni kwenye visima vya misikiti, na mabomu yanaanguka. Simu haiingii."

Nikamuuliza swali la kijinga, lakini angalau lilikuwa swali. "Ami, si nyinyi mna mafuta?"

Akacheka kidogo. "Mafuta ni ya majirani zetu. Sisi tumepata kidogo, tena juzi juzi, na hicho kidogo ndicho kinachogombaniwa. Mume wa Zahra alikuwa anafanya kazi kwa hao majirani wenye mafuta. Vita vya Kuwaiti vilipokuja, serikali yetu ikakosana nao, wakawarudisha watu wetu malori kwa malori. Wewe unakaa nyumba ya kupanga. Mkubwa wa nyumba akimtukana mwenye ploti, vyombo vya nani vinatolewa nje?"

"Vya wote," nikasema.

"Vya watoto kwanza," akasema.

Akaendelea, macho yake kwenye redio. Akaniambia kwao zamani kulikuwa na nchi mbili, kaskazini na kusini, zikaungana, na watu wakacheza ngoma barabarani. "Zahra alinipigia simu siku hiyo, nikasikia vigelegele hadi hapa dukani. Lakini wakubwa waligawana viti, jeshi hawakuliunganisha. Kila mmoja alikuja harusini na bunduki yake chini ya nguo. Sasa ndiyo hiyo." Fahali wawili wakipigana, mwanangu, nyasi ndizo huumia, na mimi nilikuwa nimekaa na baba wa nyasi.

Halafu akanyoosha kidole kwenye mfuko wa shati langu, ambapo majani ya miraa yalikuwa yanachungulia. "Hata bila vita tulikuwa na shida. Hiyo kitu kwetu inaitwa gati. Milimani babu zetu walipanga zamu ya maji, leo shamba lako, kesho langu, na mvua ikinyesha haipotei. Siku hizi anayepanda gati ananunua pampu, anachimba. Kisima cha jirani kinakauka, jirani naye anachimba chini zaidi. Kila mtu anachimba kumpita mwenzake. Mti unashiba, mtoto anabeba debe."

Nikaisukuma ile miraa ndani ya mfuko kwa kidole, kana kwamba nikiificha kisima kitajaa.

Nikamuuliza kwa nini basi anawapa watu maji bure, na yeye mwenyewe hana.

Akapunguza sauti ya redio. "Mimi siwezi kumfikishia Zahra hata kikombe kimoja," akasema. "Nina duka, nina unga, nina simu, lakini kikombe cha maji siwezi. Nimemwambia Mungu: kila atakayekunywa mlangoni kwangu, na kule mtu ampe mwanangu. Ndiyo maana sitaki balasi likauke. Leo limekauka."

Hakusema "wewe ndiye uliyelikausha." Angesema, ningejitetea, maana kujitetea nilikuwa na digrii.

Nikasimama. Nikamwambia, "Ami, nisamehe. Mimi ni mpumbavu."

"Wewe si mpumbavu," akasema. "Mimi mzaha wako naupenda. Nikiwa peke yangu napanga sabuni, nakusikia huko nje na nacheka. Lakini leo umecheka kitu ambacho hukukiuliza. Uliza kwanza. Ukishaambiwa, ukiona bado kinachekesha, cheka."

Basi disko sikwenda. Nilimfuata Odhiambo kwao, nikamkuta anakula, nikamwambia tunaenda kutafuta maji. Akaniuliza nani analipa. Nikamwambia hakuna. Akaniwekea mkono kwenye paji la uso kuona kama nina homa. Lakini alikuja. Odhiambo alikuwa mtu wa namna hiyo, anakataa kwa mdomo huku ameshavaa viatu.

Upande wa Makadara kulikuwa na kanisa lenye kisima, na mama mmoja mzee aliyekuwa anafagia pale alikuwa na ufunguo wa pampu. Akatuuliza maji ni ya nani. Nikamweleza yote, mpaka raba. Akanitazama miguuni akasema, "Basi wewe pampu mwenyewe." Nikapampu mpaka mikono ikawa si yangu. Kurudi, njia ilikuwa na mashimo, majerikeni yanamwagika, vumbi linageuka tope, na zile raba nyeupe zilifika Majengo zina rangi ya kunde. Tukajaza balasi mpaka shingoni. Ami alichota kikombe cha kwanza, nikadhani atakunywa. Akampa Odhiambo. Cha pili akanipa mimi. Sijawahi kunywa kitu kizito kama yale maji.

Kuanzia siku hiyo tulikuwa tunakwenda kila tunapopata nafasi, na vijana wa benchi nao wakaanza kutusaidia kusukuma, Juma wa kwanza. Mama wa kanisani alizoea kuniuliza, "Mtoto wa yule mzee amepatikana?" Nami namjibu bado. Ananiambia, "Haya, pampu." Hiyo ilikuwa sala yetu, yeye na mimi.

Na ile simu nyeusi ya dukani ilikuwa inatutesa. Ikilia, Ami anaacha kupima sukari, sisi tunaacha kupumua, na kumbe ni mtu anauliza bei ya mchele.

Mpaka siku moja ikalia, asubuhi, mimi namimina maji. Nikamsikia Ami anapiga kelele Kiarabu, halafu akanyamaza, halafu nikamsikia analia. Nikaliachilia jerikeni likamwagika lote. Nikaingia. Alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, na huku anasikiliza, huku anatuambia kwa Kiswahili, kipande kipande: yuko hai. Watoto wako hai. Duka alilofungua mume wake aliporudishwa limeporwa, halina hata kofuli. Nyumba imetoboka. Lakini maji walipata.

"Wapi?" nikauliza, na nikaona aibu, lakini yeye akamuuliza Zahra kabisa, kwa niaba yangu.

Akasikiliza. Akafunika macho. "Anasema kuna jirani yao. Mtu wa kaskazini, upande ule uliokuwa unawapiga. Ana kisima cha zamani uani. Aliacha mlango wazi, mtaa mzima ukachota."

Mimi sijui mambo ya Mungu, mwanangu, na sitaki kukuambia kwamba lile balasi la Majengo ndilo lililofungua mlango wa Aden. Nilichokiona ni mzee mmoja akilia kwa furaha juu ya gunia la sukari, na Odhiambo akijifanya vumbi limemwingia jichoni.

Sasa mimi ndiye mzee, na wewe ndiye unayevaa viatu vyeupe, ingawa vyako naona ni vya bei. Nakuomba hivi. Ukisikia kwenye habari nchi ya watu inaungua, yenye mchanga tu na majina magumu, usiseme hao ndivyo walivyo. Uliza bomba lao limekatwa na nani. Uliza nani anachimba kumpita jirani. Halafu rudi utazame ploti yenu hapa, utaona wakubwa ni wale wale, ni kofia tu wamebadilisha. Mahali pa kuacha mlango wazi, acha wazi, hata kama jirani ni wa upande ule mwingine. Heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali. Na mzaha usiache, mimi nitakuwa wa mwisho kukukataza, ila uliza kwanza. Mungu akujalie kiu ya kuuliza na maji ya kugawa, na mlango utakaoubisha usikute umefungwa.

Karibu nisahau. Siku ile ya kwanza, tulipomaliza kujaza balasi, tulikaa na Odhiambo juu ya mkokoteni. Akazitazama raba zangu zenye rangi ya kunde, akanitazama usoni, akaniambia, "Redio, miaka yote hii umekuwa ukitoa sauti tu. Leo umetoa maji."