Mtani wangu wa Matombo aliyeteka nepi za mwanangu masika ile

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Humu mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Leo mvua inapiga bati hapa kwangu, upande wa Mzinga, umeme umekatika, na nimetoka kusoma uzi wa ndugu mmoja anayesema utani wa makabila umepitwa na wakati, umebaki kelele za misibani.

Sikumjibu kule. Naandika hapa yaliyonipata mwenyewe. Sitaongeza chumvi, na nilipokisahau kitu nitasema nimesahau.

Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora. Natengeneza redio, TV, na siku hizi sola. Shule niliishia darasa la saba, mengine nimejisomea.

Mke wangu, Asha, ni Mluguru wa Matombo, kule milima ya Uluguru. Mimba ya kwanza tuliipata tukiwa tumeshakata tamaa. Kwao desturi ni kwamba uzazi wa kwanza mwanamke anarudi kwa mama yake. Basi tukapanda mlimani mapema, kabla masika haijakolea. Nilipanga kila kitu, mpaka tarehe ya kushuka.

Mtoto hakuufuata mpango wangu. Alikuja kabla ya wakati.

Alizaliwa zahanati, mchana, mvua ikinyesha kiasi kwamba nesi alipaza sauti ndipo tukamsikia. Wa kike. Kofia niliyomnunulia mjini ilimfunika mpaka kidevuni.

Tulipoaga, nesi alinishika mkono. "Baba, sikiliza. Abebwe kifuani, ngozi kwa ngozi. Anyonye kila mara. Na awe mkavu. Akilowa atapoa, akipoa atachoka kunyonya. Mkiona ameacha kunyonya, msikae hata kidogo, mkimbizeni hospitali ya mjini."

Wakuu, mjini tungefikaje? Barabara ya kushuka kuelekea Mkuyuni ilikuwa imemeguka. Gari hazipandi. Pikipiki zenyewe zilikuwa zinabebwa na watu.

Kwa hiyo kila kitu kikabaki kwenye neno moja: mkavu.

Pampers nilizokuja nazo zikaisha. Dukani pale kijijini hakuna, mzigo haujapanda. Mama mkwe akachana khanga zake kuukuu tukapata nepi.

Sasa aliyekaa Uluguru masika ananielewa. Kule mvua haiji ikapita. Inakaa. Ikikatika, ukungu unashuka na kuingia mpaka chumbani. Nilifunga kamba ndani ya nyumba nikaanika, kesho yake nepi zimelowa vilevile. Nikajieleza kitaalamu kwamba hewa ikishashiba maji haiwezi kupokea mengine. Maelezo yalikuwa sahihi. Nepi hazikukauka.

Nikaazima pasi ya mkaa. Nikawa fundi wa kupiga nepi pasi, barazani, kutwa nzima.

(Hapa nitoke nje ya mada kidogo. Barazani, si chumbani. Jiko au pasi ya mkaa kwenye chumba kilichofungwa inaua, na haina harufu ya kukuonya. Mwenye mtoto mchanga masika hii alishike hilo.)

Mtauliza, moto wa jikoni je? Kule jikoni, juu ya mafiga, kila nyumba hufunga uchaga wa fito. Ndipo wanapokaushia mbegu za mahindi na vitu vingine. Lakini jiko la mama mkwe lilivuja, kuni zake zikalowa karibu zote. Zilizobaki zilitosha kupika uji wa mzazi tu. Tena mimi ni mkwe, siingii jikoni kwa mama mkwe. Nilikuwa naisikia sauti yake akipuliza moto usiowaka, nami nimekaa nje na pasi yangu.

Majirani walikuwa na moto. Ila masika, kuni kavu kule ni roho ya nyumba. Mtu anazikusanya kiangazi chote. Kwenda kuomba nafasi ya moto ni kuomba kuni, na kuomba kuni ni kutangaza kwamba nyumba ya mama mkwe imeishiwa. Sikuthubutu.

Halafu mkaa nao ukaanza kuisha. Jioni moja Asha akaniambia, "Mshike miguu." Nikaishika. Ilikuwa ya baridi. Alikuwa bado ananyonya, lakini anaacha, anasinzia, tunamwamsha. Asha akalia bila sauti ili mama yake asisikie.

Asubuhi yake nikatoka barazani kuanza kazi. Beseni la nepi halipo.

"Asha, umezitoa nepi?"

"Nitoke vipi na mtoto kifuani?"

Nikazunguka nyumba. Ndipo nikasikia sauti kutoka nyumba ya chini yetu, maana kule jirani yako paa lake liko usawa wa miguu yako.

"Wee Mnyamwezi! Unatafuta nini, mzigo umekudondoka?"

Ni Bi Mwanaidi, mama wa makamo, mtani wangu tangu siku ya posa. Shikamoo yangu huipokea kwanza, matusi yanafuata.

"Shikamoo, Bi Mwanaidi. Umeliona beseni?"

"Marahaba. Nimeliteka. Mali ya mtani ni mali yangu. Babu zako walipita na mizigo kichwani mpaka pwani, wewe nepi tu zimekushinda?"

Nilikasirika kweli. "Bi Mwanaidi, mtoto hana kitu kikavu!"

"Ndiyo maana nimeteka zote. Ningekuachia, ungezikaanga na hiyo pasi yako. Nenda kakae na mkeo!"

Akaingia ndani.

Kabla ya adhuhuri akapanda na furushi chini ya nailoni. Nepi zimekauka, zina joto la moto kabisa. Mtoto alivyofungwa ile ya kwanza alijinyoosha, akashika titi, akanyonya mpaka akashiba. Nikatoka nje nikasimama mvuani. Sijui kwa nini nilisimama pale, ila nakumbuka nilisimama.

"Kesho naja tena," alisema Bi Mwanaidi. "Na usizifiche."

Kwa kuwa wizi wenyewe aliutangaza kwa sauti mlima mzima, wengine wakajitokeza. Kila mmoja mtani! Beseni likawa linatekwa zamu kwa zamu. Nyumba moja walikuwa wamekausha mdalasini, nepi zikaja zinanukia mdalasini. Nyumba nyingine dagaa.

"Leo fukuzeni paka," alisema aliyezileta, na mama mkwe akacheka jikoni kwake. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu tufike.

Hapo ndipo nilipoelewa. Bi Mwanaidi angekuja kutupa msaada, ningekataa kwa adabu, na nyumba ya mama mkwe ingefedheheka. Mtani akikuibia hakuna anayefedheheka. Wote walijua kuni zimetuishia, na hakuna aliyelisema.

Jua lilirudi, barabara ikatengenezwa, tukashuka kliniki. Nesi wa mjini akatazama mizani, akashangaa mtoto alivyoongezeka, akatuuliza tumefanya nini. Asha akajibu, "Tumeibiwa."

Kabla ya kushuka nilimpelekea Bi Mwanaidi sukari na doti ya khanga. Akavipokea, kisha akasema, "Hivi ni zawadi. Fidia ya mateka bado. Nepi moja sijairudisha, na sitairudisha. Nitampa binti yenu mwenyewe, siku akiniletea mtoto wake."

Mtoto yule, Rehema wetu, sasa yuko kidato cha pili. Likizo iliyopita tulipanda naye. Bi Mwanaidi akamvuta, akamnusa shingoni mbele za watu. "Harufu ya moshi wangu haijakutoka," akamwambia. Binti akaona haya.

Halafu akamwingiza jikoni akamwonyesha juu ya uchaga. Ile nepi iko pale, nyeusi kwa masizi, imekunjwa vizuri juu ya mbegu za mahindi. Binti alitoka, tukaaga. Njiani akaniuliza, "Baba, kumbe nilikuwa mdogo hivyo?"

Nilichojifunza ni hiki: utani ni njia ya kumsaidia mtu bila kumfanya ainamishe kichwa. Ndugu yangu wa ule uzi mwingine, labda hujawahi kutekwa kitu.

Mvua bado inapiga bati. Wenye watani waliowahi kuwafaa, karibuni mtusimulie. Na Waluguru mliomo humu, asanteni. Najua mtanitukana, nasubiri.