Kibali cha Jumapili

Zulfa Wakonyo alizaliwa Majengo, Thika, akaolewa hukohuko, na mumewe alipofariki akabaki na cherehani yake na binti mmoja, Jamila. Anashona sare za shule. Ana kazi nyingine isiyo na mshahara: mwanamke wa Kiislamu akifariki popote kuanzia Gatuanyaga hadi Mugutha, Zulfa huitwa kumwosha na kumvisha sanda. Alifundishwa na mama mkwe wake, na tangu hapo hajawahi kukataa kuitwa.

Waislamu si wengi upande huu. Wengine ni Wakikuyu kama yeye, ambao babu zao walisilimu zamani. Wengine walikuja kutafuta kazi viwandani na kwenye mashamba makubwa, wakazaa na kuzeekea hapa. Wanajuana karibu wote.

Asubuhi ya Ijumaa Kuu alipigiwa simu na Ouma, fundi wa pikipiki wa Gatuanyaga. Mama yake, Saumu Ajwang, alikuwa amefariki alfajiri kitandani mwake. Zulfa alipanda bodaboda akafika akiwa mweupe kwa vumbi. Yeye na Mourine, mke wa Ouma, walimwosha mama yule taratibu, wakamtia karafuu maiti, wakafunga mafundo ya sanda. Kufika saa nne kila kitu kilikuwa tayari. Vijana wa msikitini walisubiri na majembe. Kilichokosekana ni karatasi moja tu, kibali cha mazishi.

Mtu akifia nyumbani, kibali huandikwa na naibu wa chifu. Naibu wa hapo aliitwa Gerishon. Ofisi yake ilikuwa na kufuli, na yeye mwenyewe alikuwa Nyeri kwa wakwe.

"Pole sana, Ouma," alisema kwenye simu. "Lakini kitabu cha vibali kiko ndani ya kabati, na ufunguo ninao mimi huku. Ni mpaka Jumanne."

Ouma alikwenda kituo cha polisi, akaambiwa hiyo ni kazi ya chifu. Akaenda makaburini. Mwangangi, mlinzi wa lango, alimshika mkono kwa huruma, lakini hakufungua. "Nikiruhusu mtu azikwe bila karatasi, kazi yangu imeisha. Unajua nina watoto."

Walingoja wakitumaini jambo fulani litatokea. Halikutokea. Jumamosi adhuhuri jua la Gatuanyaga lilikuwa kali, na ikabidi mama Saumu apakiwe kwenye pikapu apelekwe mochari. Zulfa alisimama mlangoni akamwona mhudumu akifungua yale mafundo aliyoyafunga kwa mikono yake, ili afunge lebo kwenye kidole cha mguu. Jumanne alimwosha tena upya. Mwili ulikuwa baridi mpaka vidole vyake Zulfa vikafa ganzi. "Nisamehe, mama," alimwambia, kana kwamba anasikia.

Haikuwa mara ya kwanza. Lakini siku hiyo, akikamua kitambaa, Zulfa aliamua iwe ya mwisho.

Alianza na kamati ya msikiti. Mwenyekiti, Athumani Gachau, mzee mpole mwenye duka la vyuma, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama Jamila, umesema kweli," alisema. "Lakini sisi ni wachache hapa. Serikali hatuichokozi. Watoto wetu wakienda kutafuta kitambulisho tu, wanaulizwa babu yao alizaliwa wapi. Ukipeleka malalamiko, kesho utasikia tunachunguzwa."

"Mimi pia niliulizwa, Mzee. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nikamleta cucu, nyanya yangu, ofisini na bakora yake aseme kwa Kikuyu kwamba mimi ni wake. Tumekuwa tukinyamaza tangu siku hiyo. Kuna kitu tumepata?"

Kamati ilisema itafikiria. Zulfa hakungoja wafikirie.

Alimkuta Gerishon ofisini, akamweleza. Gerishon hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu hajawahi kuliwaza jambo lile.

"Kwetu mtu hukaa hata wiki mbili, watu wakichanga, wakipanga," alisema. "Sasa hizi haraka zenu..."

"Chifu, si haraka. Ndiyo heshima yetu ya mwisho kwa mtu wetu. Na sheria haijatukataza."

"Haijakataza. Lakini mimi sina amri ya kufungua ofisi Jumapili. Hiyo itoke juu."

"Juu ni wapi?"

Akamwelekeza kwa naibu kamishna, Thika mjini.

Zulfa aliandika barua kwa mkono, kwa Kiswahili, kurasa mbili. Kabla ya kuipeleka alizunguka nyumba hadi nyumba na daftari la shule, akiwauliza Waislamu nani mwingine alikwama na maiti siku ya mapumziko. Baadhi walikataa kuandikwa majina. Mama mmoja alimfungia mlango akisema hataki balaa. Hata hivyo alipata familia tisa.

Ya kumi ilimjia yenyewe. Rachael, jirani yake Ouma, mwalimu wa Sunday school, ndiye aliyekuwa akileta chai wakati wa msiba wa mama Saumu. Aliposikia habari za barua alimfuata Zulfa mpaka Majengo.

"Niandike na mimi," alisema.

"Nyinyi Wakristo si mnangoja, Mama?"

"Mtoto wa siku mbili hangojwi. Wangu alikufa Krismasi, ile ya juzi. Hakuna aliyechanga, hakuna aliyepanga, tulitaka tu kumzika. Nilikaa naye ndani ya nyumba siku mbili, ndipo chifu akapatikana." Akatazama cherehani. "Sikujua hata kwamba mtu anaweza kuuliza."

Zulfa alimwandika, na wakapatana kwenda pamoja.

Mara ya kwanza kwa naibu kamishna waliambiwa yuko mkutanoni. Mara ya pili barua ilikuwa imepotea, na Zulfa akatoa nakala kwenye mkoba. Mara ya tatu waliingia. Naibu kamishna, Bi. Emmaculate, alisoma kurasa zote mbili bila kuinua kichwa.

"Hii ni shida ya Waislamu," alisema mwishowe. "Nikiwapa nyinyi utaratibu wenu, kesho kila dini itataka wake."

"Mimi ni mtu wa kanisa, Madam," Rachael alisema. Akamweleza habari za mtoto wake, kwa sauti ileile ya kawaida, bila machozi.

Bi. Emmaculate aliweka kalamu chini. "Mnataka nini hasa?"

"Zamu," Zulfa akasema. "Kila wikendi na kila sikukuu, naibu mmoja wa chifu awe karibu na kitabu chake. Namba yake ibandikwe mlangoni. Basi."

Amri ilitoka baada ya wiki sita. Mwezi wa kwanza wa amri hiyo simu ya zamu ilikuwa imezimwa mara mbili, na mara zote mbili Zulfa alikuwa kwenye ngazi za ofisi ya Bi. Emmaculate Jumatatu kabla hazijafagiwa. Mara ya pili Mzee Gachau alikuwa naye, amevaa koti.

Jumapili moja ya Agosti mwanamke mmoja alifariki Gatuanyaga. Simu ikapigwa, ikapokelewa. Gerishon alikuja kwa bodaboda moja kwa moja kutoka kanisani, tai shingoni, kitabu cha vibali kwapani. Aliandika akiwa amesimama, kitabu kwenye kiti cha pikipiki. Mwangangi alifungua lango. Kabla ya alasiri mama yule alikuwa amezikwa, na sanda yake haikufunguliwa na mtu. Gerishon alibaki mpaka dua ikaisha. Halafu alimuuliza Zulfa, aliyekuwa amesimama langoni, kama ni makosa kwake kutia udongo.

"Tia tu, Chifu," Zulfa alimwambia.

Lakini amri ile ni ya upande wa Thika. Ruiru kuna ofisi nyingine, na wiki mbili baadaye walimwita Mugutha kwa mama aliyefariki Jumamosi na kungoja mpaka Jumatatu. Jumanne Zulfa alifunga cherehani, akaenda Ruiru na nakala ya amri ya Thika ndani ya bahasha. Karani alimwambia mkubwa hayupo, arudi Alhamisi.

"Alhamisi saa ngapi?" Zulfa akauliza.

Karani akasema hajui, aje tu.

"Basi niandikie saa mbili," akasema, akamsogezea kalamu.