Saa Sitini za Kofia ya Makame

Nakumbuka siku moja, mjukuu wangu, ambayo mpaka leo nikiifikiria hukishika kidole hiki cha shahada nikakifumbata. Jana uliponiambia kwa kicheko kuwa lile somo lako la chuoni Tunguu lina krediti mbili tu, na kwa hiyo kazi yake umempa dada yako Rahma akuandikie, nilikishika. Hukuniona. Kaa basi nikusimulie, na simu hiyo iweke chini.

Miaka ya hamsini nilikuwa nasomea ualimu hapa mjini, katika chuo cha wasichana. Sisi hatukuwa na krediti, tulikuwa na daftari la saa. Kila somo lilipangiwa saa zake: hizi za kukaa darasani, hizi za kufanya kazi mwenyewe. Ukifanya, unaandika, na mwisho wa muhula mwalimu anajumlisha. Somo la kazi za mikono lilitaka saa sitini nje ya darasa, pamoja na kitu kimoja ulichokitengeneza kwa mkono wako. Asiyetimiza hapati cheti, na asiye na cheti hafundishi. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa keshawatangazia majirani wote kuwa binti yake ni mwalimu.

Hesabu nilikuwa naziweza, sindano siiwezi. Nikachagua kofia ya viua, ile nyeupe yenye maua ya vitundu vidogo vidogo vilivyozungushiwa uzi, kwa sababu moja tu: mama mdogo Bi Mize wa Jambiani alikuwa fundi wa kofia. Nikampelekea kitambaa na barua, nikimwomba anishonee na iwe tayari kabla muhula haujesha. Niliandika kama mtu anayeagiza vitumbua.

Katikati ya muhula huo mwanawe, Makame, alioa. Nilikwenda. Sisi wasichana tulichungulia dirishani wakati wa nikaha, tukamwona bwana harusi amekaa mbele ya shekhe na kofia kuukuu, imegeuka rangi, imelegea kama kitambaa cha kufutia taa. Tulicheka mpaka tukaziba midomo kwa leso. Mama mdogo alitusikia, akapita na sinia lake.

Kesho yake, naondoka, akanipa kofia nzuri mno, mpya, imefungwa vizuri. Nikashukuru kwa haraka. Nikarudi chuoni nikaandika kwenye daftari: leo saa mbili, kesho saa tatu, mpaka zikatimia sitini kamili. Nilijiona mjanja kweli.

Siku ya ukaguzi chuo kilimwalika Bi Zuwena, mshonaji mzee wa mtaa wa Malindi, akae pamoja na mwalimu wetu. Aliichukua kofia, akaigeuza ndani nje, akapitisha kidole juu ya maua polepole. Uso ukamchanua. Kisha mwalimu akamsomea daftari langu, na ule uso ukabadilika.

"Saa ngapi?"

"Sitini, Bi," nikajibu mimi.

"Mwanangu, mie nnashona kofia tangu sijaolewa. Kwa saa sitini hata hicho kiduara cha juu hukimalizi. Hii mtu kaikalia miezi. Miezi!"

Nilikuwa nikiogopa kukamatwa kwa kuandika saa nyingi mno. Kumbe nimekamatwa kwa kuandika chache! Na badala ya kukiri, nikashupaa, nikaapa wallahi nimeshona mwenyewe. Mungu anisamehe. Bi Zuwena hakubishana nami. Alitia uzi kwenye sindano, akaninyooshea.

"Haya, nitilie kiua kimoja tu."

Sindano iliingia kidoleni. Damu ikadondoka juu ya kofia, pale mbele, panapokaa juu ya paji la uso. Nililia kwa sauti kama mtoto wa chuo cha Kurani aliyechapwa.

Mkuu wa chuo hakunifukuza. Alikizuia cheti changu, akanipa daftari jipya, tupu. Aliniamuru niende kwa aliyeishona, nishone ya kwangu mbele yake, na kila ukurasa autie saini yeye.

Nilipofika Jambiani nilimwonyesha mama mdogo lile doa. Alikaa chini kwenye kizingiti kama aliyeletewa habari ya msiba.

"Umeitia damu kofia ya Makame," alisema.

"Ya Makame vipi, mama mdogo? Si kitambaa changu?"

"Kitambaa chako kimo sandukuni, nshakitia viua safu mbili. Muhula mmoja, mie ntaimaliza na nini? Hii nliianza tangu Makame alipoposa. Nkasema, yeye ataoa hata na kofia kuukuu, lakini Asha hapati cheti bila ya kofia. Nliona ukishakaguliwa utanirudishia, aivae Idi."

"Si ungemwacha aivae siku ile moja, kisha ndiyo unipe?"

"Kofia iliyovaliwa inajulikana. Ningekuponza."

Mwanangu, nimezika wazazi na mume, lakini sijasahau nilivyoshtuka pale kizingitini. Nilikisikia kicheko chetu cha dirishani upya, na nilitamani ardhi inimeze.

Nilikaa kwake nikashona. Saa sitini zilipita sijafika nusu ya kiduara. Mama mdogo alitia saini yake kwa herufi za Kiarabu, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka daftari likajaa tukanunua jingine. Wenzangu walianza kufundisha mimi niko Jambiani. Kofia yangu ilipokwisha ilikuwa kombo upande mmoja. Makame aliivaa Idi hivyo hivyo, mkewe akacheka. Ile yenye doa ninayo kwenye kasha langu, nitakuonyesha.

Basi sikia. Hizo krediti mbili si namba ya kupamba karatasi. Waliozipanga wamekisia saa ngapi za umri wako utazitoa mpaka jambo likuingie kichwani. Usipozitoa wewe, ujue kuna mtu anazitoa, na hakwambii anazitoa wapi. Kazi ikikushinda, mwambie mwalimu imekushinda; aibu hiyo utalala na kuamka nayo siku mbili tatu, itakwisha. Yangu haijesha.

Leo asubuhi nimepita chumbani kwa Rahma. Karatasi zako ziko magotini, mwanawe wa miezi miwili analia kitandani, na yeye anamwambia, "Ngoja mama, ngoja kidogo, namalizia."

Nenda kazichukue karatasi zako. Na umpakate huyo mtoto, mama yake apate kulala.

Mungu akufungue fahamu, mwanangu, akubarikie mikono yako miwili, na akujaalie cheti utakachokitazama uzeeni bila ya kukishika kidole. Amin.