Tende Chini ya Gari

Juzi nilikuwa chini ya gari kuukuu la Aabo, baba yangu, nikikwangua kutu kwenye tangi la petroli. Sina pesa za fundi. Najifunza kwa video, na doa moja likibaki silali. Nikabandua bonge gumu. Lilinuka sabuni, na ndani yake mlikuwa na maganda ya tende. Nikaikumbuka siku moja.

Nilikuwa mdogo, mchana wa Ramadhani, jua la Garissa likichoma bati. Ua mzima ulinuka petroli. Aabo aliniita akiwa chini ya gari hili hili. "Lete tende, na usimwambie Hooyo." Nikampelekea bakuli la futari ya mama. Nilisikia kitu laini kikipondwapondwa, kisha bakuli likatoka tupu. Jioni tulifuturu kwa maji, na Aabo akasema Alhamdulillahi kwa sauti kubwa kuliko sisi sote. Tangu siku hiyo, kila alipohimiza saumu, moyoni nilimwita mwongo.

Sasa nilimwonyesha lile bonge.

"Tende na sabuni," akacheka. "Mamako alinigombeza kwa kuziharibu. Lakini umelibandua ya nini? Lilikuwa limeziba tundu la tangi vizuri. Haya, lete tende."

Nikaenda kuzileta, bila kumtazama usoni.