Mabibi wa Baba

Baba yangu si mtu wa maneno matamu. Ukimwambia unampenda, atakuuliza kama umeshakula. Sisi watoto wake tulikua tukidhani ndivyo alivyoumbwa, na mama alishazoea zamani.

Alipostaafu alinunua shamba dogo nje ya Mabela, mtaa wanaokaa yeye na mama, akaweka ng'ombe saba wa maziwa. Maziwa yakichukuliwa na mikahawa ya jirani. Ilipokuja korona mikahawa ikafungwa, lakini ng'ombe hawakuwa na habari, wao walitaka kula vile vile. Kaka yangu akasema wauzwe kwa wachinjaji kabla pensheni ya baba haijaishia kwenye majani. Baba akachukua ndoo, akaenda kuwalisha. Wiki hiyo hiyo akaugua, akajitenga chumba cha juu, na kila sahani tuliyompelekea ikarudi haijaguswa.

Ndipo ikatangazwa kwamba serikali itawapa wafugaji msaada wa chakula cha mifugo. Nilimpigia afisa mhusika, mtu mpole sana. Kwa kuwa ziara zilikuwa zimesimamishwa, alisema atawaangalia wanyama kwa simu ya video, mmoja mmoja, na hereni zao za utambulisho masikioni. Asiyeonekana hahesabiwi.

Nikatoka kwangu, mtaa wa Khuwair ya Kusini, nikaenda shambani na barakoa usoni na viatu visivyofaa miguuni. Jua lilikuwa kali, na ng'ombe wamejibanza kwenye kivuli cha mitende mwisho kabisa wa shamba. Niliwaita kwa Kiarabu, nikawaita kwa Kiswahili, nikatikisa ndoo. Wakanitazama kama shangazi za mume wangu wanavyonitazama nikipika pilau. Afisa alisubiri kwa adabu kwenye video, lakini nilimsikia akipiga mwayo.

Nilikuwa na simu ya pili. Nikampigia mama, nikamwomba aiweke simu yake mlangoni kwa baba na amweleze mambo yalivyo. Yangu nikaiongeza sauti mpaka mwisho, nikaiinua juu.

Kwanza kilikuja kikohozi. Kisha sauti ambayo sikuwahi kuisikia, laini, ya mtu anayembembeleza mtoto mchanga.

"Haya mabibi zangu, njooni. Nnakungojeni."

Wakaja wote saba, bila ya haraka, wakaizunguka simu wakiinusa. Afisa akaziona hereni zote, akasema khalas, inatosha. Mimi nililia ndani ya barakoa, kwa furaha na kwa wivu pia, maana mimi wa kumzaa hajaniita hivyo hata siku moja.

Mama alikuwa amesikia kila kitu, na nilijua hatalinyamazia.

"Miaka yote hii," aliniambia kwenye simu, "mimi naitwa 'wewe'."

Msaada ulifika, kaka akaacha habari za wachinjaji, na mabibi wako shambani mpaka leo. Ila ninachokikumbuka zaidi ni jioni ya siku ile. Nilipita Mabela, nikakaa chini ya ngazi. Mama alipanda na bakuli la uji, akaliweka mlangoni kwa baba, akarudi nyuma kama daktari alivyomwagiza. Hakugonga.

"Haya bwana wangu, njoo. Nnakungoja."

Halafu nikamsikia baba anacheka, anakohoa, anafungua mlango. Mama alibaki pale pale kwenye ngazi mpaka aliposikia kijiko kinakwangua chini ya bakuli.