Neno la Siri la Fundi wa Nairobi

Usiniambie swichi ni ya kuwasha taa. Ile yetu ilikuwa sanduku la chuma lenye matundu ya waya, limepigiliwa ukutani nyuma ya duka kubwa pale Kisii mjini, na kila mashine ya keshia ilipitia humo kufikia kompyuta ya ofisini. Miaka ya tisini ilikuwa ukingoni, na mtunzaji wa swichi nilikuwa mimi. Mtunzaji wa jina tu. Neno la siri la kuiamuru alikuwa nalo fundi aliyeletwa kutoka Nairobi, naye alikataa katakata kuniachia.

Fundi huyo alikuwa na mchezo wake. Sisi Wakisii ulimi wetu haukuzaliwa na "l". Kiswahili tulikikuta shuleni, tena kwa kiboko. Basi alipokuwa akiifunga swichi aliniita mbele ya makeshia: "Hebu sema lami." Niliposema, wakacheka mpaka wakashika meza. Nikacheka nao. Ningefanya nini?

Ijumaa moja alasiri radi ikapiga, kama kawaida yake huku milimani, ikaunguza matundu yote ya swichi yaliyoshika waya za mashine za keshia. Matundu mengine yalikuwa mazima, lakini fundi alikuwa ameyafunga kwa amri, na bila amri hayafunguki. Foleni ikafika mlangoni. Wasabato walitaka kufika nyumbani kabla jua halijatua na Sabato kuanza. Kina mama walishika unga na mafuta, wakinikodolea macho mimi.

Bosi, Mhindi aliyezaliwa mjini hapo hapo, hakupaza sauti. "Hawa watu wakienda mikono mitupu, Jumatatu hii kazi napatia fundi. Wewe tafuta kwingine."

Nikaunganisha kompyuta na swichi, nikampigia fundi simu. Bosi alisimama nyuma yangu.

"Neno ni lami," fundi akasema.

Nikaandika. Ikakataa. Nikaandika tena, herufi moja moja. Ikakataa.

"Imekataa," nikamwambia.

Nikamsikia akicheka. "Andika vile wewe unalisema."

Nikaandika rami. Ikafunguka.

Kumbe muda wote ule nilipokuwa nikilifuta vumbi lile sanduku, ndani yake mlikuwa na kejeli ya ulimi wa mama yangu! Nilitaka kuling'oa ukutani. Badala yake nikayafungua matundu mazima, nikahamisha waya, na mashine zikaanza kulia tena. Kabla sijainuka, nikabadilisha neno la siri na kulihifadhi.

"Sasa patia fundi hiyo neno mpya," bosi akasema. "Yeye ndiye mwenye swichi."

"Mwenye swichi ni wewe, bosi. Wewe nitakupea. Yeye aniombe msamaha kwanza."

Fundi alikuwa bado kwenye simu, na najua alisikia. Bosi akanitazama, akaitazama foleni iliyoanza kusonga, akaichukua simu mkononi mwangu na kuikata.

Fundi alirudi dukani mara nyingi baadaye, kurekebisha hili na lile. Kila alipotaka kuiamuru swichi ilibidi asimame kando, anisubiri niandike mimi. Kuomba msamaha kulimshinda. Na neno hilo hakulipata.